Ramani Isiyolowa

Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Waache waseme. Lisilosemwa ndilo lipo, na kama halipo, basi kuna mtu ameliondoa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa imani ya binti mmoja ambaye ukoo wake wote ulimwita Kachero. Jina alilipata utotoni, kwa kuwa akipewa peremende alikuwa anaifungua, anainusa, kisha anamkazia macho aliyempa. Alipokua hakubadilika, alipata ajira tu. Aliandika sheda, na kama ipo kazi duniani inayomfaa mtu wa kushukushuku, ni hiyo.

Sheda ni programu ndogo inayokaa kwenye kadi ya picha ya kompyuta au simu. Kazi yake ni kujibu swali moja: nukta hii ya kioo iwe na rangi gani? Inaulizwa hivyo kwa kila nukta, zote kwa mpigo, tena na tena, kabla hujapepesa jicho, na ndiyo maana ukurasa wa kivinjari unaweza kukuonyesha maji yanayotiririka au kivuli kinachosogea. Lakini kadi ya picha ni bubu. Programu nyingine ukiitilia shaka, unaiambia ikuandikie inachokiwaza. Sheda haiandiki neno. Ukitaka siri yake, unaiamuru ipake rangi: hesabu ikienda kombo, paka nyekundu. Kisha unakaa kutazama wekundu umetokea wapi, kama muuguzi anayetafuta vipele kwenye mgongo wa mtoto.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na harufu ya sponji mpya ilipanda ngazi ikakaa nao kutwa nzima. Walikuwa watatu. Bosi alikuwa na chumba chake cha kioo. Nje ya kioo, meza mbili zilitazamana chini ya feni iliyokuwa ikigonga kila ilipozunguka: moja ya Kachero, nyingine ya Shemeji, mume wa dada yake, ambaye ndiye aliyemwingiza kazini. Shemeji aliandika sheda kwa mkono, katika lugha ya kadi yenyewe, lugha yenye makuu kuliko bibi harusi. Ukiiandikia moja badala ya moja nukta sifuri, inasusa kazi nzima na kukuachia kioo cheusi.

Kachero alichoka kuibembeleza. Akatengeneza mfasiri. Kwa mfasiri huyo, mtu aliandika sheda kwa lugha ileile ya kawaida inayoendesha kurasa za kivinjari, kwa majina yanayosomeka, na mfasiri akaigeuza kuwa lugha ya kadi. Palipokuwa na kichaka cha namba na mabano, sasa palisomeka kama maelekezo ya kupika: kama maji yamezidi kimo cha kiwanja, paka buluu.

"Shem, hii lugha yako ni ya kuogeshea watoto," Shemeji alimwambia siku ya kwanza.

"Na yako ni ya kufukuzia wageni."

"Bora. Mgeni asiyeweza kuingia hawezi kuiba."

Kachero aliliweka neno hilo akilini. Yeye hakutupa neno la mtu.

Kazi kubwa ya mfasiri ilikuwa ramani ya Dalali. Dalali alikuwa anauza viwanja pembezoni mwa mji, kando ya mto, na alitaka wanunuzi wavione kwenye simu zao: viwanja vimepangwa safu kwa safu, mto unameremeta, na chini ya ukurasa kitelezi cha mvua, kile kidude cha kuburuta kwa kidole. Ukikiburuta, mvua inaongezeka na maji yanapanda. Vimo vya ardhi vilipimwa na mpima ardhi, na Kachero aliviingiza yeye mwenyewe. Katika majaribio aliona kwa macho yake Safu ya Chini, ile iliyo karibu na mto, ikimezwa na buluu kabla kitelezi hakijafika nusu ya njia.

Kisha asubuhi moja Mama Mdogo akampigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekaa? Kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Nimepata kiwanja!"

Mama Mdogo alikuwa mdogo wa marehemu mama yake, muuguzi mstaafu aliyebeba wagonjwa ujana wake wote, na sasa magoti yalikuwa yanamdai. Aliishi kwenye chumba cha ghorofa ya juu kabisa, na ngazi zake alizipanda kila siku huku akizitukana moja moja. Alichotaka duniani ni nyumba isiyo na ngazi hata ya kuingilia mlangoni. Akiba yake ya uzeeni yote ilikuwa inakwenda kwenye kiwanja hicho. Jumamosi angetia sahihi, na akishatia, hakuna kurudi nyuma.

"Kiwanja kipi, mama?"

"Safu ya Chini, kile cha mwisho. Nitakuwa nalala nikisikia maji."

"Utayasikia chini ya kitanda. Kule kunafurika."

"Nani kakwambia? Nimetazama kwenye ramani yenu. Nimeivuta mvua mpaka mwisho, mto ukavimba kama mwenye mimba ya miezi tisa, kiwanja changu kikavu kama biskuti!"

"Haiwezekani."

"Ramani si umeitengeneza wewe? Mtoto gani wewe, unashuku mpaka mkono wako mwenyewe!"

Kachero alikata simu kwa adabu, akafungua ramani, akaburuta kitelezi. Mto ukavimba. Ukapanda kingo, ukawa na mawimbi mazuri ajabu. Safu ya Chini ikabaki kavu. Akaburuta tena, taratibu, kama anayefungua mlango wa chumba chenye mtu. Kavu.

Akaenda kwenye sheda yake ya viwanja. Kila neno lilikuwa pale alipoliacha: kama maji yamezidi kimo, paka buluu. Basi akamwamuru mfasiri amwonyeshe alichoipelekea kadi, kazi ambayo hakuna anayeifanya, maana ni sawa na kufukua takataka kutafuta mifupa. Aliisoma mstari kwa mstari. Hesabu ya mafuriko haikuwa imekosewa. Haikuwepo kabisa. Palikuwa na pengo kama la jino lililong'olewa, na fizi imeshapona.

Katika ofisi ile, aliyeijua lugha ya kadi kiasi cha kung'oa jino bila kutoa damu alikuwa mmoja, na wakati huo alikuwa mbele yake anapiga mluzi. Mtu mwenye moyo mweupe hapigi mluzi saa za kazi.

"Shemeji."

"Naam, shem."

"Nikikuuliza kitu utanijibu, au utanizungusha?"

"Inategemea umekuja kama shemeji au umekuja kama Kachero."

"Nani ameitoa hesabu ya mafuriko?"

Mluzi ukakatika. Shemeji alizunguka meza, akainama juu ya bega lake, akasoma. Kachero hakutazama kioo. Alimtazama yeye, mdomo, nyusi, mishipa ya shingo. Mwishowe Shemeji akacheka, cheko fupi la puani.

"Unanituhumu mimi mume wa dada yako?"

"Kwa heshima zote."

"Basi mwizi ni mwanao. Ulimfundisha nini huyu mfasiri wako? Kitu kisichobadilika, kikate. Si ndiyo?"

Ndiyo. Kachero alimfundisha hivyo ili simu dhaifu zisilemewe. Mfasiri akikuta thamani ambayo haitabadilika kamwe, anatoa jibu palepale wakati wa kufasiri, na mistari yote isiyohitajika tena anaitupa.

"Sasa mwambie mvua ni sifuri leo, kesho na milele," Shemeji akasema. "Ya nini abebe mahesabu ya mafuriko? Umekagua sufuria, shem, hukukagua ulichotia."

Kachero alifungua faili la mipangilio, lile linalozipa sheda chakula chake. Pale alipokuwa ameandika mvua itoke kwenye ukurasa, kwenye kitelezi, palikuwa na sifuri. Sifuri moja, imekaa kimya. Mto ulikuwa na sheda yake nyingine iliyosoma kitelezi moja kwa moja, ndiyo maana uliendelea kuvimba na kuwavutia watu. Viwanja vilikuwa vinaishi kwenye kiangazi kisicho na mwisho.

"Nani ameiweka?"

Shemeji alirudi kwenye kiti chake. "Tazama kumbukumbu ya mabadiliko."

"Unajua fika inasema 'ofisi'." Wote watatu waliingia kwenye mashine kuu kwa jina moja, kwa agizo la Bosi, eti familia haifungiani milango.

"Labda kidole kimeteleza. Rudisha kama ilivyokuwa, unyamaze, tule mkate wetu."

"Kidole cha nani?"

"Shem," Shemeji akasema bila kuinua macho, "kwenye ukoo huu kazi ya kushuku ni yako. Mimi yangu ni kulea."

Kachero akairudisha mvua kwenye kitelezi. Kabla hawajatoka kazini jioni ile akachungulia tena, kwa mazoea tu, jinsi wengine wanavyorudi kuhakikisha jiko limezimwa. Sifuri ilikuwa imerudi.

Kidole huteleza mara moja. Kidole kinachoteleza mara mbili mahali palepale, kina mwenyewe.

Kachero hakumwambia mtu. Hata dada yake alipompigia kuuliza mbona Shemeji amerudi nyumbani kanuna, alijibu ni joto. Kesho yake aliwahi ofisini, akairudisha mvua kwa mara nyingine, kisha akaingia ndani ya mfasiri wake, mahali ambapo hata Shemeji hakuwahi kufika, akaongeza sharti moja. Mtu yeyote akiipa mvua namba isiyobadilika, mfasiri asikate kitu wala asilalamike. Apake ramani nzima rangi ya waridi, waridi ya kupasua macho, kwenye kioo cha yule aliyebadilisha. Kwa kuwa sheda haisemi, basi ionyeshe.

Akaketi. Meza ya Shemeji ilikuwa mbele yake, na chumba cha Bosi kilikuwa kulia kwake, nyuma ya kioo. Alijifanya anaandika. Vidole vilikuwa vinacheza kwenye kibodi, macho yalikuwa kwenye uso wa Shemeji, yanangoja waridi.

Shemeji alikohoa. Akajikuna. Akabofya kitu, na Kachero akainua shingo, lakini uso wa Shemeji ulibaki na rangi yake ya siku zote. Akapiga miayo.

Ndipo Kachero alipohisi kitu pembeni ya jicho. Akageuka taratibu. Nyuma ya kioo Bosi alikuwa amekaa wima, kikombe cha chai kimesimama nusu ya njia kwenda mdomoni. Lenzi zote mbili za miwani yake zilikuwa za waridi.

Kisha akainua kichwa akatazama nje, na wa kwanza kumtazama hakuwa Kachero. Alikuwa Shemeji. Na Shemeji, ambaye alikuwa anamwona vizuri, akainamisha macho kwenye kibodi kama mtu aliyedondosha sindano.

Kachero aliyaona yote mawili.

"Binti, njoo," Bosi aliita.

Aliingia, akafunga mlango. Chumba kilinukia tangawizi. Ramani ilikuwa inawaka waridi mezani mpaka kikombe kikaonekana cheupe kupita kiasi.

"Nani ameweka hii rangi ya pipi?"

"Mimi. Nani ameweka sifuri?"

Alitegemea Bosi atakana. Alikuwa ameshajiandaa kwa kanusho, amelipangia maswali. Bosi akacheka kwa raha, akasogeza miwani.

"Mimi, bila shaka! Nani mwingine? Hongera sana kwa lugha yako, binti. Msimbo wa shemeji yako ulikuwa kama kichaka chenye nyuki, miaka yote sijathubutu kuutia mkono. Wewe umefyeka njia. Nimefungua, nimesoma, nimeelewa, nimebadilisha mwenyewe. Mwenyewe! Nilijisikia kijana."

Maneno hayo yalimwingia Kachero vibaya kuliko tusi. Alikuwa ametengeneza lugha ambayo kila mtu anaweza kuiingia, na hakuwahi kujiuliza nani atakuja na amebeba nini mfukoni.

"Umeifanya kwa nini?"

"Mteja anataka ramani ifunguke kwenye kiangazi. Inapendeza. Nikaandika sifuri."

"Haifunguki kwenye kiangazi, Bosi. Imefungiwa kwenye kiangazi. Kitelezi cha viwanja hakijashikana na kitu."

"Mbona mto unapanda?"

"Ndilo baya zaidi. Mtu anavuta mvua, anaona mto umejaa, anaona kiwanja kikavu, anaamini."

"Ahaa," Bosi akasema. "Hilo sikulijua."

Kachero alimtazama. Uso wa Bosi ulikuwa laini, wa mtu mzima mwenye watoto wanaomheshimu. Labda hakujua kweli. Labda aliandika sifuri kama mtu anavyozungusha kitufe cha redio. Lakini jana aliikuta imeondolewa, akairudisha bila kuuliza aliyeiondoa. Asiyejua huuliza.

"Basi niirudishe kwenye kitelezi," Kachero akasema.

"Baada ya Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo wanatia sahihi."

"Ndiyo maana nikasema baada ya." Bosi akanywa chai yake. "Binti, wewe ukiona mpangilio unaona hila. Sisi tunachora. Anayetaka kujua kama ardhi inafurika, aende akaikanyage. Ondoa hiyo pipi. Na Jumamosi upumzike nyumbani, shemeji yako ataiendesha ramani."

Alitoka, akaiondoa waridi kama alivyoagizwa, ila nakala yenye mvua akaibakiza kwenye kompyuta yake. Shemeji alijifanya anatafuta kitu kwenye droo ya chini.

"Ulijua," Kachero akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nilishuku."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini, na kwa mdomo upi? Kodi ya nyumba ya dada yako inatoka kwenye chumba kile cha kioo." Shemeji akafunga droo. "Usinitazame hivyo. Sikuiweka mimi ile sifuri."

"Sijasema uliiweka."

"Macho yako yamesema."

Alimpigia Mama Mdogo palepale kwenye ngazi, akiwa amekaa juu ya godoro lililofungwa nailoni na kuachwa njiani. Akamweleza yote: sifuri, mfasiri, mistari iliyokatwa, mto unaovimba peke yake. Mama Mdogo alisikiliza kwa subira ya muuguzi anayemsikiliza mgonjwa mwenye homa.

"Kwa hiyo ramani inadanganya," akasema mwishoni.

"Ndiyo, mama."

"Na uliitengeneza wewe."

"Ndiyo, lakini—"

"Sasa nimwamini yupi? Wewe wa kwenye ramani au wewe wa kwenye simu? Wewe wa ramani nimekuona kwa macho yangu, unapendeza na una akili. Wewe wa simu nakujua tangu ulipokataa uji kwa kusema una njama."

"Mama, twende basi tukatazame hiyo ardhi."

"Kiangazi hiki? Tutaona vumbi. Mwanangu, magoti yangu hayana muda wa kungoja mpaka wewe upate amani. Njoo Jumamosi unisindikize, nikitia sahihi unipigie picha."

Kachero aliona kuwa mwaliko ni mwaliko.

Jumamosi ukumbi wa Dalali ulijaa. Viti vya plastiki, chupa za maji mezani, kioo kikubwa cha kuonyeshea picha ukutani, na kwenye meza ya mbele karatasi za mauziano zimepangwa na kalamu mpya juu ya kila moja. Dalali alikuwa mtu wa tumbo na tabasamu, anamshika kila mtu bega kama aliyemlea. Shemeji alikaa pembeni kwenye kompyuta ya Bosi, waya wake ukiingia kwenye kioo kikubwa. Alimwona Kachero akiingia amemshika Mama Mdogo mkono, akapangusa jasho.

Bosi naye alimwona. Akaja mpaka walipokaa, akamwamkia Mama Mdogo kwa adabu tele, kisha akanong'ona, "Nilisema upumzike."

"Nimemsindikiza mama. Huyu ni mnunuzi."

Bosi akamtazama Mama Mdogo, akautazama mkoba mapajani mwa Kachero, ule wenye kompyuta. Kitu kikapita usoni mwake, na Kachero, bingwa wa nyuso, hakuweza kukisoma. Dalali akawa ameshaanza.

"Ndugu zangu, mimi sitaki mtu aniamini kwa mdomo!" Dalali alitangaza. "Mdomo ni nyama. Tazameni wenyewe. Fundi, lete mvua!"

Shemeji aliburuta kitelezi. Mto ukavimba ukutani, mkubwa kuliko mlango, ukang'ara. Watu wakaguna. Safu ya Chini ikabaki na rangi yake ya mchanga, kila kiwanja kimekaa sawasawa kama sahani kabatini.

"Mvua yote hiyo," Dalali akasema, "na tone halijaingia! Mnaona?"

Wakapiga makofi. Mama Mdogo alipiga makofi. Kisha akanyanyuka kwa kujishikilia meza, akasogea mbele, akachukua kalamu.

Kachero alikuwa amesimama pia.

"Naomba kuuliza," akasema. "Mto pale umepita juu ya ukingo. Kiwanja kile kiko chini ya ukingo. Mbona maji yamesimama? Yamepewa amri?"

Kicheko kidogo kikapita kwenye viti. Dalali akatabasamu.

"Binti mzuri, hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Mtaalamu ndiye mimi. Hiyo ramani nimeiandika."

Kicheko cha pili hakikuwa kidogo. Bosi alishanyanyuka. Kachero hakumngoja. Alikwenda kwa mwendo wa kawaida, mwendo wa mtu anayekwenda kufunga dirisha, akachomoa waya kwenye kompyuta ya Bosi, akauchomeka kwenye yake. Shemeji angeweza kuushika, mkono wake ulikuwa umbali wa kiganja. Hakuushika. Wala hakumsaidia.

Ramani ileile ikatokea ukutani, mto uleule. Kachero akaburuta kitelezi polepole, kila mtu aone kidole chake. Mto ukapanda. Ukafika ukingoni, ukavuka. Buluu ikaingia Safu ya Chini kutoka kona ya mwisho, kwenye kiwanja cha Mama Mdogo, ikajaa, ikapita kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, wala kitelezi hakijafika katikati. Chupa moja ilisikika ikikunjika mkononi mwa mtu.

"Uongo huo!" Dalali akalipuka. "Ni rangi tu! Kompyuta inapaka chochote inachoambiwa!"

"Kweli," Kachero akasema. "Hata ile ya kwanza."

Mama Mdogo alikuwa bado ameshika kalamu. Hakumtazama Dalali, hakumtazama hata Kachero. Aligeukia pembeni.

"Baba watoto," alimwita Shemeji, jina alilomwita tangu alipooa kwao. "Wewe huna tabia ya kushuku watu. Ipi ya kweli?"

Shemeji akamtazama Bosi. Bosi akamtazama Shemeji. Kachero alihesabu moyoni kila kitu ambacho shemeji yake angepoteza, akaona kuwa ni vingi, akaanza kumchukia kabla hajajibu, ili asiumie baadaye.

"Ya pili, mama," Shemeji akasema. "Ya kwanza imefungwa. Haiwezi kulowa hata ukiimwagia bahari."

Mama Mdogo akaifunika kalamu kifuniko chake, akailaza juu ya karatasi isiyo na sahihi, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja. Nyuma yake kiti kikaburuzwa. Kisha kingine. Mzee mmoja alikuwa anamuuliza Dalali, kwa upole wa kutisha, kama ile karatasi aliyotia sahihi wiki iliyopita inaweza kuletwa aitazame tena.

Bosi alimshika Kachero kiwiko akamvuta kando ya kioo kikubwa, buluu yote ikiwaangukia mabegani. Hakuwa amekasirika, au hakuonyesha. Alizungumza kama baba.

"Sikiliza. Bado inarekebika. Geuka, uwaambie hawa watu hilo ni toleo la majaribio, lina makosa. Mwombe radhi mteja wetu mbele yao. Mimi nitamtuliza. Jumatatu unakaa kwenye kiti chako, shemeji yako anakaa kwenye chake, na hii ramani tunaifanya upya, mvua na kila kitu. Neno langu."

Kachero aliutafuta uso ule mara ya mwisho. Labda neno lake lilikuwa neno. Labda hata ile sifuri ilikuwa sifuri tu. Hakuweza kujua, na kwa mara ya kwanza aliona hana haja ya kujua.

"Niombe radhi?"

"Neno moja tu. Halikupunguzii kitu."

Ukumbi mzima ulikuwa unawatazama sasa, Dalali akiwa na jasho mdomoni, Shemeji na mikono magotini, Mama Mdogo amesimama bila kushikilia meza.

"Kiti chako ni chako, Bosi, ukitaka kukichukua kichukue," Kachero akasema, na hakunong'ona. "Vimo ni vya mpima ardhi. Rangi ni yangu. Hakuna nilichokosea hapa, kwa hiyo radhi siombi. Siombi kwake, siombi kwako, siombi leo na Jumatatu siombi."